Uraniumu: Vienna wanahesabu, lakini shimoni nani anahesabu?

Huku kwetu, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kila mchimbaji amekwisha kusikia habari hii. Kuko mtu fulani, ametoka mbali, anatafuta uraniumu. Anasema kilo moja tu itajenga nyumba, itanunua motoka, italipa masomo ya watoto wote. Hataki depo, hataki karatasi, hataki mchana. Wengine wanakuja na habari ileile kwa upande wa pili: wako na kisanduku kizito cha chuma, kimefungwa kabisa, na wanaomba franga mbele ya kukifungua.

Hatuandiki kwa kumcheka aliyesikiliza maneno hayo. Mwenye watoto nyumbani anasikiliza maneno mengi. Tunaandika sababu nyuma ya uongo huo kuko kazi ya kweli, kubwa, inayofanywa na karibu nchi zote za dunia: kuzuia vitu vya kutengenezea bomu la atomiki visitembee ovyo. Kazi hiyo inatuhusu siye kuliko watu wengi, juu bomu la kwanza kuangushwa kwa watu lilikuwa na jiwe letu ndani yake.

JIWE LA SHINKOLOBWE

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp aliona majiwe ya uraniumu pale Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tangu 1921 kompani ya Union Minière ilikuwa inayachimba kwa kutafuta radiumu, dawa iliyouzwa bei kali sana Ulaya. Uraniumu yenyewe wakati ule haikuwa na kazi kubwa.

Tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Alimwonya kwamba uraniumu inaweza kutoa bomu la nguvu isiyojulikana, na kwamba chimbuko lake kubwa liko Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za majiwe ya Shinkolobwe New York, yasianguke mikononi mwa Wajerumani. Yalikaa pale ndani ya mapipa mpaka Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua. Fasi zingine, jiwe lenye uraniumu 1 kwa mia linahesabiwa kuwa zuri. Haya yetu yalikuwa na 65 kwa mia.

Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la uraniumu lilianguka Hiroshima. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile yote ya Marekani ilitoka Kongo. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Baba zetu waliochimba na kupakia magunia hawakuambiwa hata jiwe linakwenda wapi.

Njo vile ulinzi wa kwanza wa uraniumu ulivyokuwa: siri. Na aliyefichwa wa kwanza alikuwa mchimbaji.

JIWE SI BOMU

Tueleze jambo moja ambalo lingeokoa franga za watu wengi. Uraniumu inayotoka udongoni haiwezi kulipuka kama bomu. Katika sehemu 1,000 za uraniumu, 993 ni za aina nzito, inayoitwa 238. Sehemu 7 tu ni za aina 235, ile inayotafutwa. Kwa kuendesha reakta nyingi za umeme, aina hiyo inapaswa kufika 3 mpaka 5 kwa mia. Kwa bomu, karibu 90 kwa mia. Kupanda kutoka 7 kwa elfu mpaka 90 kwa mia kunataka viwanda vikubwa, maelfu ya mashini zinazozunguka kwa mbio sana, umeme na wataalamu. Hakuna mtu anayeweza kuifanya nyuma ya nyumba.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, AIEA, linachukua kilo 25 za aina 235 katika uraniumu iliyosafishwa sana kuwa kipimo cha kutisha: zikipotea, bomu moja linawezekana. Kwa kupata kilo hizo unahitaji tani kadhaa za uraniumu ya kawaida. Na kwa soko halali, kilo moja ya uraniumu iliyokwisha kutolewa kwenye jiwe, ule unga wa manjano, imeuzwa miaka hii ya karibuni chini ya dola 300.

Kwa hiyo, anayekuahidi maelfu ya dola kwa jiwe moja mfukoni ni mmoja wa watu watatu: mdanganyifu, polisi aliyejificha, ao mtumishi wa watu wabaya wasiojua hesabu. Kwa wote watatu, wewe njo utabaki na hasara.

Mwaka 2006 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kule Kinshasa Leta ilikuwa imekamata, kwa miaka michache, visanduku zaidi ya 50 vyenye uraniumu ao cesium. Vitu hivyo havitengenezi bomu la atomiki, lakini vinaweza kumuua anayevifungua. Tutarudi kwa jambo hilo.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Baada ya vita, nchi ziliona kwamba siri haitoshi. Mwaka 1957 AIEA ilianzishwa, makao yake Vienna, Austria. Mwaka 1968 ulifunguliwa Mkataba wa Kutoeneza Silaha za Nyuklia, TNP, na ulianza kazi 1970. Mwaka ule ule nchi yetu iliuingia. Mapatano yake ni haya: nchi zisizo na bomu zinaahidi kutolitafuta, zenye bomu zinaahidi kutoligawa na kuzungumza juu ya kuliondoa, na zote ziko na haki ya kutumia atomiki kwa umeme, kwa hospitali na kwa kilimo.

Ahadi bila hesabu ni maneno. Kwa hiyo wakaguzi wa AIEA wanatembea nchi kwa nchi. Wanahesabu fimbo za uraniumu moja moja, wanalinganisha na daftari, wanafunga milango kwa sili, wanaweka kamera, wanapangusa vumbi kwa vitambaa na kulipeleka kupimwa. Vumbi kidogo sana linaweza kuonyesha kama uraniumu ilisafishwa kupita ruhusa.

Kongo imekubali pia protokoli ya kuongeza nguvu ya ukaguzi huo. Kwetu inafanya kazi tangu 2003. Kwa protokoli hiyo, Leta inapaswa kuandikia Vienna migodi ya uraniumu iko wapi, inatumika ao hapana, na inaweza kutoa kiasi gani. Wakaguzi wanaweza kuomba kufika penyewe. Lakini hesabu ile kali, ya gramu kwa gramu, inaanzia pale uraniumu imekwisha kusafishwa vya kutosha kuingia kiwandani. Haianzii shimoni. Msomaji ashike neno hilo.

FIMBO MBILI ZA KINSHASA

Kwa nini hesabu iko na maana, historia yetu wenyewe inaonyesha. Mwaka 1959, chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha reakta ya utafiti, TRICO, ya kwanza Afrika. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ilifuata mwaka 1972. Chakula chake ni fimbo za uraniumu iliyosafishwa karibu 20 kwa mia, kila moja urefu wa sentimita 70 hivi, na kila moja iko na namba yake.

Katika miaka ya 1970 fimbo mbili ziliibiwa. Miaka ilipita. Mwaka 1998, moja ilionekana Italia, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wanaiuzisha. Wanunuzi waliokuja walikuwa polisi. Ya pili haijaonekana mpaka leo.

Fimbo moja haitengenezi bomu. Lakini angalia safari: kutoka kilima cha chuo Kinshasa mpaka mikono ya wahalifu wa Ulaya. Hakuna polisi wa nchi moja anayeweza kufuata njia kama ile peke yake. Sababu ya mambo kama hayo, mwaka 1995 AIEA ilianzisha daftari la pamoja ambamo nchi zinaandika kila kitu cha mionzi kilichopotea, kuibiwa ao kukamatwa. Leo nchi zaidi ya 140 ziko ndani. Na mwaka 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1540, liliagiza kila nchi iweke sheria za kuzuia watu binafsi na vikundi kupata silaha hizo ao vitu vya kuzitengeneza.

ALIYETOA HAKURUDI MIKONO MITUPU

Kazi hiyo imezaa matunda, na mengine ni ya Afrika. Afrika ya Kusini ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya atomiki. Iliyavunja yote, ikaingia mkataba wa TNP mwaka 1991, na Machi 1993 Rais de Klerk alitangaza jambo hilo mbele ya bunge. Wakaguzi wa AIEA walipitia madaftari na viwanda kuhakikisha. Kisha Afrika yote iliandika mkataba wake, wa Pelindaba, unaokataza bomu la atomiki katika bara letu. Unafanya kazi tangu Julai 2009.

Kazakistani, Umoja wa Sovieti ulipoanguka, ilijikuta na karibu kilo 600 za uraniumu iliyosafishwa sana, ndani ya kiwanda kisicho na ulinzi wa kutosha. Iliomba msaada. Mwaka 1994 ndege za Marekani ziliibeba yote, na Kazakistani ililipwa.

Ghana na Nigeria kila moja ilikuwa na reakta ndogo ya utafiti, iliyotumia uraniumu ya kiwango cha bomu, kilo moja hivi. Mwaka 2017 kwa Ghana, na 2018 kwa Nigeria pale Zaria, uraniumu ile ilirudishwa China ilikotoka. Reakta hazikufungwa: zilipewa uraniumu nyingine, isiyofaa kwa bomu, na wanafunzi wanaendelea na masomo yao.

Tunaona jambo moja katika habari hizi. Nchi iliyotoa kitu cha hatari haikuachwa bila kitu. Kazakistani ililipwa, Ghana na Nigeria zilibaki na reakta zao, Afrika ya Kusini ilipata tena heshima na marafiki. Njo vile watu wanakubali kutoa. Tunauliza: na mchimbaji wa Likasi akitoa, anapata nini?

MLANGO ULIOSAHAULIKA

Shimo la Shinkolobwe lilifungwa kwa simenti mbele ya uhuru wa 1960. Lakini mwisho wa miaka ya 1990, kobalti ilipopanda bei na kazi za kompani zilipokufa, watu walirudi na pao na nyundo. Walikuwa wanatafuta kobalti, hapana uraniumu. Lakini pale majiwe mawili yale yanalala pamoja.

Januari 2004 rais wa nchi alitia sahihi agizo la kufunga fasi ile. Julai mwaka ule shimo lilibomoka, watu wasiopungua wanane wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika na kuonya juu ya mashimo kubomoka na juu ya mionzi inayoingia mwilini polepole. Wachimbaji waliondolewa. Walipewa fasi gani ingine ya kuchimba? Hapo njo shida inaanza. Mtu aliyefukuzwa bila fasi ingine anarudi usiku, na kinachotoka usiku hakihesabiwi na mtu.

Mwaka 2007, tani nyingi za majiwe ya shaba yenye mionzi, zilizokuwa zimekwisha kukamatwa na Leta, zilitupwa katika mto Mura karibu na Likasi, pahali pa kuzikwa kama ilivyoagizwa. Na mwaka 2018, kompani ya Kamoto, KCC, yenye mashini zote za kisasa, ilisimamisha kuuza kobalti yake kwa kitambo, sababu uraniumu ndani yake ilipita kipimo kinachokubaliwa bandarini. Kama kompani kubwa ilikuta uraniumu katika mizigo yake, mama anayeosha majiwe mtoni atajuaje kilichomo katika beseni lake?

Depo nyingi ziko na ile mashini ya mkono ambayo watu wanaiita Metorex, hata kama ni ya kiwanda kingine. Inasema kobalti iko ngapi kwa mia, juu ya bei. Wachimbaji wanaijua na wanabishana nayo kila siku. Lakini mashini ya kupima mionzi kwa ajili ya mwili wa anayebeba gunia, wangapi wamekwisha kuiona?

Njo tundu tunaloliona katika wavu huu mkubwa. Vienna wanahesabu fimbo. Bandari zinapima kontena. Katikati, hesabu zinakuwa kali. Lakini pale mwanzo, fasi jiwe linatoka, mtu analibeba kichwani na hakuna anayemwambia kitu. Akinyamaza, anaumwa. Akisema, anaogopa shimo litafungwa na yeye atafungwa nalo.

Tunajua Leta itajibu: wachimbaji hawasikilizi, wanavunja sheria, na vipimo ni franga nyingi. Kuko kweli ndani yake. Watu waliingia Shinkolobwe wakijua imekatazwa. Lakini askari mlangoni amekwisha kujaribiwa, na majiwe yaliendelea kutoka. Mchimbaji akiwa na faida ya kusema, anakuwa mlinzi asiyelala. Akiwa na hasara tu, atakuwa ukuta wa kimya, na nyuma ya ukuta huo mfanyabiashara wa usiku anapita salama.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kipimo cha mionzi kiwe penye kila depo kubwa na kila kizuizi cha balabala, na matokeo yaandikwe ubaoni kwa lugha watu wanaisoma. Pili, anayeleta mwenyewe jiwe ao kisanduku cha mashaka asitendewe kama mwizi. Na shimo likifungwa sababu ya mionzi, waliokuwa wanatumika pale wapewe fasi ingine halali. Tatu, waliochimba Shinkolobwe na jirani zake wapimwe mapafu na munganga, bila kulipa.

FAMILIA IJUE NINI

Mionzi haionekani, hainuki, haiumi siku ile ile. Shimoni, hatari kubwa ni vumbi na gesi ya radoni, inayotoka katika uraniumu na kukaa fasi pasipo hewa. Kwa miaka inaleta kansa ya mapafu, na anayevuta sigara yuko na hatari zaidi. Shimo lenye hewa inayopita ni afadhali. Usile na mikono yenye vumbi. Nguo za shimoni zisiingie pahali watoto wanalala. Majiwe yasihifadhiwe chini ya kitanda, wala yasijenge ukuta wa nyumba.

Hatari ingine ni vile vyuma vya kuokota. Viwanda vya kusafishia majiwe vinatumia vipimo vyenye cesium, vinavyofungwa kwenye mabomba, na hospitali ziko na mashini za mionzi za kutibu kansa. Vikitupwa ao kuibiwa, vinaua. Mwaka 1987, Goiânia, nchini Brazili, watu wawili waliokota chuma kizito katika kliniki iliyoachwa, wakakiuzisha kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndani mlikuwa unga wa cesium uliong'aa buluu gizani. Watu waliushangilia, walijipaka, waliupeleka nyumbani. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto mwanamke wa miaka sita aliyekula na unga ule mikononi. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 110,000 walipimwa.

Kwa hiyo, ukiona chuma chenye alama ya duara nyeusi na mabawa matatu kwenye rangi ya manjano, ao kisanduku kidogo kizito kupita ukubwa wake, usikifungue, usikipige nyundo, usikitie mfukoni. Ondoa watoto, kaa mbali, nawa mikono, na peleka habari kwa chifu wa mtaa ao wa koperative. Nenda na mashahidi, na uombe karatasi yenye tarehe. Hapa nchini, wenye kazi ya mionzi ni Komisaria Kuu ya Nguvu za Atomiki, CGEA. Leta ya mahali ulipo inapaswa kuwafikishia.

Na akija yule mtu wa usiku mwenye ahadi ya nyumba na motoka, mwulize swali moja: kwa nini bei yako inapita ya soko mara kumi, na kwa nini hutaki karatasi? Wazee wetu wa Shinkolobwe hawakuweza kuuliza jiwe linakwenda wapi. Siye tunaweza. Na wenye kusimamia kazi hii, Kinshasa na Vienna, wajue kwamba jibu linatakiwa huku shimoni pia.